Mikono yako sio migumu, haijafundishwa

Swali nililoletewa nalifupisha kidogo, linasema hivi: "Shikamoo mwalimu. Nimeanza baleti nikiwa mtu mzima na huu ni mwaka wa tatu. Miguu inakuja vizuri tu, tendu zangu (kunyoosha mguu ncha ikiteleza sakafuni) safi, kuzunguka najitahidi. Ila nikijirekodi naona kuanzia kiunoni kwenda juu ni kama mtu mwingine, mikono imekakamaa kama fito, mabega yamepanda, na muziki ukiwa wa haraka mikono naisahau kabisa, nakuja kuikumbuka ishachelewa. Uso nao hauna kitu. Mwalimu wetu anasema legeza mikono, nikilegeza inaning'inia kama kamba. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Nimelisoma mara mbili na nataka nikujibu kwa kirefu, kwa sababu hili jambo nakutana nalo karibu kila wiki na naona watu wengi wanapigana nalo upande usio wake, wananyoosha mabega, wanakandwa misuli, wanajiambia mi mwili wangu mgumu wa kuzaliwa, na miaka inaenda.

Ngoja nikwambie kilichotokea darasani kwangu. Nina mwanafunzi mtu mzima kama wewe, alikuja na malalamiko hayahaya. Nikamwambia vuta kiti, kaa, nyayo zote mbili chini, sasa nioneshe mikono ya ile adajio, yani ule mfululizo wa polepole, tuliyoicheza wiki mbili nzima. Mikono tu. Nikaanza kumhesabia. Moja, mbili, tatu, vizuri kabisa. Nne akasita. Tano akainua macho akanitazama, mkono umesimama hewani haujui uende wapi. Miguu ya adajio ile alikuwa anaijua hata ukimwamsha usiku wa manane, ila mikono ilikuwa inaburuzwa na miguu, mguu ukienda pembeni mkono unajirusha hukohuko, mguu ukirudi na mkono unarudi, na kila siku unaishia sehemu tofauti kidogo. Akakaa kimya muda afu akasema, "kumbe sijawahi kuijua."

Basi na wewe nahisi ndo hapo ulipo. Unaita ugumu kitu ambacho sehemu kubwa ni kutojua. Mwili usiojua unakokwenda unajikaza, ndo tabia yake, jaribu kutembea kwenye chumba chenye giza usichokijua uone mabega yanavyopanda yenyewe bila kuambiwa. Mkono nao ni vilevile, haujui njia, unajikaza ukisubiri amri, amri inakuja imechelewa kwa sababu kichwa kilikuwa kimejaa miguu.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kabisa, kabla ya zoezi lolote la kunyoosha, ni kiti. Kila kombinesheni, yani mfululizo wa hatua, mnayofundishwa, rudi nyumbani kaa kwenye kiti ufanye mikono peke yake mpaka uweze kuifanya huku ukihesabu kwa sauti. Ukishaweza hivo simama, mikono ishushe chini ikae imetulia, fanya miguu peke yake. Afu unganisha, lakini kwa mwendo wa nusu, pole kiasi kwamba unajisikia unapoteza muda. Hapo kwenye upole ndo utaona mahali penyewe pa shida, mara nyingi ni sehemu moja au mbili tu, hesabu ya nne labda au pale mnapobadilisha upande, sio kombinesheni nzima. Na ikiwezekana darasani mwalimu anapoonesha kitu kipya, we anza kushika mikono na kichwa kwanza halafu miguu. Najua inatisha, kila mtu anashika miguu kwanza. Ila miguu umeshaifundisha miaka mitatu, ina kumbukumbu yake, tendu ikitajwa inajua cha kufanya. Mikono ndo yatima hapa.

Sasa tuje kwenye mabega, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu kuna amri moja inatolewa kila darasa na naiona inaharibu watu: shusha mabega.

Mkono wako umeungana na mifupa ya kiwiliwili sehemu moja tu, ndogo, pale mtulinga unapokutana na kidari chini ya koo. Basi. Kwingine kote ni misuli. Kombe la bega, lile fupa bapa la mgongoni, linaelea juu ya mbavu, halijafungwa popote isipokuwa kwenye ule mtulinga. Na ukiinua mkono kutoka ubavuni mpaka juu ya kichwa, nyuzi kama 180 hivi, sio zote zinatoka kwenye kiungo cha bega, takriban 120 zinatoka pale na 60 zilizobaki zinatoka kwenye kombe lenyewe kuzunguka. Yani kombe lazima lisogee. Mwanafunzi akiambiwa shusha mabega wakati mikono iko juu, anachofanya ni kuyavuta makombe chini kwa nguvu na kuyazuia yasizunguke, mkono unakosa njia, sasa utapitia wapi? Mbavu za mbele zinafunguka, mgongo wa chini unapinda, shingo inakaza, na kwenye vidio unaonekana umekakamaa ingawa umetii kila ulichoambiwa.

Mi siku hizi nasema hivi: ncha ya chini ya kombe ikimbilie kwapani. Mwombe mtu akuwekee kidole pale kwenye ncha ya chini ya kombe lako, afu inua mkono taratibu kupitia mbele. Ataihisi ncha inateleza kwenda pembeni na mbele kidogo, kuelekea kwapa. Ikiteleza hivo shingo inabaki ndefu yenyewe, huhitaji kushusha kitu. Kinachopaswa kubaki chini sio bega zima, ni ule msuli wa juu kati ya shingo na bega, ule unaouma ukikaa sana kwenye kompyuta, wenyewe ndo usifanye kazi ya watu wengine.

Zoezi lake fanya sakafuni. Lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini. Fanya podebra yako ya kawaida, yani ule mwendo wa mikono, kutoka chini, kupita mbele ya kifua, kwenda juu, kufungua pembeni, kurudi. Sakafu itakwambia ukweli wote. Mbavu zikiinuka mkono unapokwenda juu utasikia mgongo wa chini umeachana na sakafu. Kichwa kikisukuma nyuma utajua shingo imekaza. Fanya mara sita, pumua, mikono isiende mbali kuliko mbavu zinavyoruhusu, hata kama kwa sasa inaishia juu ya paji la uso na sio juu ya kichwa. Ndo kipimo chako cha leo, kitaongezeka.

Na kuna msuli unaotoka kwenye mbavu za pembeni, una meno kama ya msumeno, unaingia chini ya kombe na kulishikilia lisichomoze mgongoni. Kwa watu walioanza ukubwani msuli huu naukuta umelala. Uamshe hivi: piga magoti, viganja chini kama unataka kutambaa, viwiko vimenyooka, acha kifua kizame katikati ya makombe, halafu isukume sakafu mpaka mgongo wa juu ujae. Viwiko visikunjwe hata kidogo. Mara kumi, pumzika, mara kumi tena. Hata jasho halikutoki lakini baada ya wiki chache mkono wa pembeni unaanza kujisikia kama umewekwa kwenye rafu.

Hapo kwenye mkono wa pembeni tusimame, maana ndo penye jibu la ile kamba yako.

Mwalimu anaposema legeza na we ukilegeza unaning'inia, ni kwa sababu mkono wa baleti una sehemu inayobeba na sehemu inayobebwa, na wewe unazifanyia kitu kimoja zote mbili. Ukikaza unakaza zote, ukilegeza unalegeza zote. Inayobeba ni kuanzia mgongoni mpaka kwenye kiwiko. Inayobebwa ni kuanzia kiwiko mpaka kwenye vidole. Fungua mkono pembeni sasa hivi unavyosoma. Uwe mbele ya bega kidogo, kiasi kwamba ukitazama mbele bado unauona kwa pembe ya jicho. Kiwiko chini ya bega kidogo, kifundo cha mkono chini ya kiwiko kidogo, tone la maji likidondokea begani liteleze mpaka kwenye kidole cha kati bila kukwama. Sasa angalia ncha ya kiwiko inatazama wapi. Ikitazama sakafu, mkono umekufa hapohapo. Zungusha mfupa wa juu wa mkono ndani ya bega mpaka kiwiko kitazame nyuma, halafu kiganja kibakize kinatazama mbele. Mizunguko miwili inayopingana, juu inaenda ndani, chini inaenda nje, kama unavyokamua nguo lakini kwa upole. Huo mpingano ndo unaoshikilia mkono, sio kukaza.

Kuthibitisha, mtu akupige kofi dogo la kirafiki chini ya kiganja. Kiganja kikubali, kiruke kidogo kirudi, kiwiko kisitikisike. Mkono wote ukiruka kama fito, umekaza hadi kwenye vidole. Afu akubonyeze kidogo juu ya kiwiko, kikianguka mpaka ubavuni hakukuwa na kinachobeba. Rudia kila siku mpaka mwili uelewe tofauti ya hizo mbili.

Vidole navyo nisivisahau, watu wengi vidole gumba vinajichomoza au vinabanwa ndani. Kidole gumba kikaribie cha kati bila kukigusa, cha shahada kinyooke kidogo kuliko wenzake, basi. Ukiona vimekauka, funga ngumi kwa nguvu sekunde tano afu uachie, hali ile vinavyobaki navyo baada ya kuachia ndo hiyo unayoitaka.

Sasa kuchelewa. Unasema mikono inakumbukwa ishachelewa, na nilishakwambia sehemu moja ya sababu ni kutoijua. Sehemu ya pili ni njia. Pima tu: tendu ya pembeni, ncha ya mguu inasafiri umbali mfupi, labda mara mbili ya urefu wa kiatu. Mkono kutoka chini, kupita mbele, mpaka pembeni, ncha za vidole zinasafiri zaidi ya mita moja. Ukivianzisha kwa pamoja kwenye "moja", mkono ama utachelewa ama utakimbia ili uwahi, na mkono unaokimbia ndo huo unaoonekana kama fito. Kwa hiyo mkono hauanzi kwenye moja. Unaanza kwenye "na". Na moja, na mbili. Ile "na" ndo pumzi, unavuta hewa, mbavu za nyuma zinajaa, mikono inainuka kidogo kutoka chini kama imeamka, na mguu unapoondoka kwenye moja mkono tayari uko njiani. Ile pumzi watu wanaiona ni urembo wa mwanzo wa dansi, wanaifanya mara moja pale muziki unapoanza afu wanashikilia hewa mpaka mwisho. Hapana, kila mkono unaoondoka una pumzi yake, ndogo au kubwa. Ukijikuta mwisho wa kombinesheni unahema sana kuliko kazi uliyofanya, ulikuwa umeziba hewa, na mtu aliyeziba hewa hawezi kuwa na mikono laini, mbavu zimefungwa na makombe yamekaa juu ya mbavu hizohizo.

Na ndani ya mkono wenyewe kuna mpangilio. Pumzi, mgongo, sehemu ya juu ya mkono, kiwiko, kifundo, vidole mwishoni. Ukitaka kuuona mpangilio huu wazi, tafuta kile kipande ambacho mtunzi wa dansi Fokine alimtungia mchezaji baleti Anna Pavlova kwa muziki wa Saint-Saëns, yule bata maji anayekufa. Ni kipande kifupi cha dakika chache tu, na miguu karibu muda wote inafanya hatua ndogondogo za ncha za vidole, hakuna kuruka kukubwa, hakuna mguu wa kupanda sikioni. Kila kitu kiko mgongoni na mikononi. Kitazame mara ya kwanza umezima sauti. Mara ya pili tazama kiwiko tu. Utaona bawa linapopanda kiwiko ndo kinatangulia na mkono wa mbele bado unaning'inia chini, linaposhuka kiwiko kinatangulia tena chini na vidole bado viko juu. Vidole havianzishi chochote, vinamaliza tu. Wewe na wengi tulioanzia na vioo tunaanzisha na vidole kwa sababu ndo tunavyoviona.

Kioo sasa. Mimi kioo nakiogopa kwa wanafunzi wa kiwango chako. Ukijitazama kwenye kioo macho yamefungwa mbele, macho yakifungwa kichwa hakigeuki, kichwa cha mtu mzima kina kilo kama 4 mpaka 5, kikikaa kimesimamishwa pale juu shingo inafanya kazi ya nguzo na mabega yanakuja kuisaidia. Halafu uso unakuwa uso wa mtu anayejikagua, na ndo huo unaouona kwenye vidio unasema hauna kitu. Una kitu, una ukaguzi. Geukia ukuta usio na kioo, hata kama ni dakika kumi tu kwa kila kipindi. Na kabla ya kuanza, amua macho yako yatakuwa wapi kwenye hesabu ya moja, ya tatu, ya tano na ya saba, iseme kwa mdomo: mkono wa kulia, chini mbele, kona ya juu kushoto, mbali kabisa. Kwa kawaida macho yanausindikiza mkono unaofanya kazi, yanatazama juu ya vidole kidogo na kuvuka, hayaangalii kiganja kama mtu anayesoma ujumbe kwenye simu. Mkono ukifika, macho yaendelee mbele kidogo zaidi ya mkono. Hapo tu, bila kubadilisha kingine chochote, mkono unaonekana umeongezeka urefu. Nimeshaona mtu anabadilika ndani ya kipindi kimoja kwa hiki tu.

Ukishapata macho ndo uguse epolima, yani ule mzunguko mdogo wa kifua na mabega juu ya nyonga zilizotulia. Bila huo mwili unakuwa bapa kama mlango. Chukua kruaze ya kawaida, umesimama kwa mshazari, mguu wa kulia mbele, bega la kulia limekuja mbele kidogo, kichwa kimegeukia kulia kwako, upande wa watazamaji, shavu limeinuka kama mtu anasikiliza kitu. Kosa kubwa ni kuzungusha nyonga ukidhani unazungusha mabega. Rudi kwenye kiti chako kilekile: kaa ukingoni, magoti yamelingana, mikono umeikunja kifuani, geuza kifua kulia halafu kushoto. Tazama magoti. Goti moja likitangulia mbele ya jingine, nyonga zimegeuka. Zuia magoti, utagundua mzunguko wa kweli ni mdogo kuliko ulivyodhani na unatoka juu, sehemu ya mgongo yenye mbavu, sio kiunoni. Mdogo huohuo unatosha, kutoka mbali unaonekana.

Kwenye muziki wa haraka nina ushauri ambao hautakupendeza: punguza mikono. August Bournonville, aliyeijenga baleti ya Denmark katika karne ya 19, mikono kwenye mitindo yake mara nyingi inakaa chini imetulia huku miguu ikiruka kama moto, na hakuna anayesema wale wachezaji hawana mikono. Kukaa kimya nako ni mkono. Kwa hiyo fanya alegro yako, yani zile hatua za haraka, yote mikono ikiwa chini, duara dogo mbele ya mapaja, mpaka mabega yaache kuruka pamoja na miguu. Hapo ndo kazi. Ukiweza, ongeza badiliko moja tu la mkono kwenye hesabu nane. Halafu mawili. Wanafunzi wanalazimisha mabadiliko yote ya mikono siku ya kwanza na wanapata fujo, afu fujo ile inakuwa mazoea, na mazoea ni magumu kuyatoa kuliko kutojua.

Kuzunguka nitapita haraka. Mikono ya piruweti, yani kuzunguka kwa mguu mmoja, haikurushi, inakusanya. Ukiikaribisha kifuani mwili unazunguka haraka zaidi kwa sababu uzito umesogea karibu na mhimili, hiyo ni fizikia. Ikutane mbele ya kifua muda uleule mguu unapofika kwenye goti. Mkono ukitangulia mguu, bega linakuvuta nje ya mhimili. Yote hayo nayo unaweza kuyafanya ukiwa umesimama kwa miguu miwili, robo mzunguko tu, mara nyingi.

Kuna tabia nyingine inaanzia kwenye upau wa mazoezi na naomba uichunguze kesho. Mkono unaoshikilia upau, unaushikaje? Kama unaukamata na kidole gumba kimezunguka chini, mkono huo ndo unaokusimamisha, sio mguu. Ukija katikati ya ukumbi upau haupo, mwili unatafuta mahali pengine pa kushika, na pa karibu ni mabega. Hapo ndo yanapanda. Weka mkono juu ya upau tu, mbele ya mwili kidogo, kiwiko kimelegea, na kila baada ya hesabu nane inua vidole sekunde moja uone kama unaanguka. Ukianguka, kombinesheni hiyo punguza urefu wa mguu mpaka usianguke.

Na hilo la urefu wa mguu nalisema kwa moyo wangu wote, mdogo wangu, kwa sababu nimelilipia. Nilipokuwa mwanafunzi nilikazana na mguu, nataka upande juu, juu zaidi, na kila ulipopanda mgongo wangu wa juu ulifunga na mkono ukakauka, hakuna aliyenizuia. Mguu wa nyuzi 45 wenye mgongo unaopumua na mkono unaofika mwisho wake, watu wanautazama. Mguu wa juu wenye shingo iliyokaza, wanauhesabu tu. Shusha miguu yako kwa mwezi mmoja. Nguvu utakazookoa ndo zitakazoenda juu, maana mwili ukifanya kazi karibu na mwisho wa uwezo wake unakaza kila kitu, mpaka taya na ulimi.

Uso. Usiufanyie kazi uso. Ukiambiwa tabasamu utatabasamu na utaonekana kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Mi huwa nampa mwanafunzi kitenzi. Podebra moja, ileile, mkono unapita mbele unafunguka pembeni. Ifanye ya kwanza kwa "toa". Ya pili kwa "kataa". Ya tatu "ita". Ya nne "aga". Halafu jaribu mbili zilizokaribiana, "pokea" na "chukua". Njia ya mkono ni ileile kabisa, ila kupokea kifua kinabaki wazi na kiganja kinasubiri kidogo kabla hakijafunga, kuchukua kiwiko kinatangulia na macho yanakaza. Hujagusa uso hata kidogo na uso umebadilika, kwa sababu uso unafuata nia. Chukua adajio mnayocheza sasa, andika vitenzi vinne tu chini ya hesabu, vikariri pamoja na mikono pale kwenye kiti. Mtazamaji hatavijua vitenzi vyako na wala hahitaji kuvijua, atajua tu kwamba kuna mtu mle ndani.

Kitu kidogo cha kiutaratibu kwa vile huenda unajifunza pia kwa vidio: majina ya mikono yanatofautiana kati ya shule na shule. Kwenye kitabu cha Vaganova, mwalimu wa baleti wa Urusi, cha mwaka 1934 mikono juu ya kichwa ni nafasi ya tatu. Kwa wanaofuata Cecchetti, mwalimu wa Kiitaliano, mikono hiyohiyo juu ni ya tano. Ukichanganya walimu wawili wa vidio mmoja akasema tatu mwingine akasema tano utadhani umekosea kumbe hujakosea. Chagua shule moja, ile ya mwalimu wako wa darasani, na kwa nyingine tazama tu bila kuingiza mwilini kwa sasa.

Kujirekodi endelea, ila simu iweke nyuma yako badala ya mbele, uvae nguo inayoonesha makombe. Kutoka mbele unaona vidole, kutoka nyuma unaona mkono unapoanzia. Rekodi leo kombinesheni moja, uihifadhi, usiitazame tena, rekodi ileile baada ya wiki sita za kiti na sakafu, dakika kumi au kumi na tano kwa siku zinatosha, ndo uziweke pamoja.

Na mwalimu wako akisema tena legeza mikono, usimbishie, muulize kwa heshima: nilegeze kuanzia wapi mwalimu, kiwikoni au begani? Atafikiri, na jibu lake litakusaidia kuliko amri ya mwanzo. Mwisho, ukiinua mkono ukasikia maumivu makali ndani ya bega, au ganzi inashuka mpaka vidoleni, au kombe moja linachomoza waziwazi kuliko jingine, acha kwanza haya mazoezi yangu yote, nenda kwa mtu wa fizio akakuangalie, ukitoka huko uniambie amesema nini tuendelee kuanzia hapo.